Mwaka Tuliochimba Majivuni

Aliyenipigia simu ni Mzee Kasiani, mdogo wake Bibi Skola. Hakunipa hata nafasi ya kutafuta kiti. "Kalunde, mtani wako Skola ametutoka. Tunazika kesho saa nane, huku Matombo. Uje na vituko vyako, maana bila mtani maiti haitoki ndani." Nikasema nakuja. Nikakata simu, nikarudi kukanda unga, kwa sababu unga ukishatiwa maji hausubiri msiba. Nauza chapati Kihonda, karibu na geti la kiwanda, na wale wa zamu ya asubuhi wakikosa chapati wananichambua kama karanga. Nina miaka thelathini na moja. Mgongo wangu una hamsini na kitu. Nikawa nasukuma chapati huku nawaza: kesho natakiwa nichekeshe watu, na kichekesho chenyewe wanachokisubiri nakijua, na sina nguvu nacho.

Kwa asiyejua, mimi ni Mnyamwezi na Bibi Skola alikuwa Mluguru, na hawa wawili ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wanapita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anakutukana asubuhi na mapema, anabeba kuku wako anakwenda naye, anavaa nguo za marehemu wako na kuigiza alivyokuwa anatembea, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, watu watakushangaa wewe, si yeye. Wanaosikia wanasema, eh, raha iliyoje! Ni raha kweli. Ni raha mpaka siku umemkosea mtu kikwelikweli, ukawa unataka akukasirikie, na yeye hawezi, kwa sababu wewe ni mtani.

Nilizaliwa wapi na nani alikuwa nani, hayo tuyaache, hayasaidii. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na nane, darasa la saba nimelimaliza zamani, mdomo nilikuwa nao, kazi nilikuwa sina. Nilipanga chumba cha uani kwa Bibi Skola, Majivuni, nyuma ya reli. Kile chumba kilikuwa na nafasi ya kitanda tu. Ukitaka kugeuka unatoka nje, unageuka, unarudi ndani. Ukutani kulikuwa na picha ya Bikira Maria, na pembeni yake kalenda iliyokwisha miaka mingi. Siku ya kwanza nikataka kuibandua. Bibi akaja mbio na mwiko wa ugali mkononi. "Iache hiyo! Hiyo ndiyo imeshika ukuta." Nikadhani ananitania. Nikaifunua kidogo, nikaona ufa unaoingia kidole kizima.

Jina la Majivuni huwezi kulikuta kwenye ramani, ni sisi wenyewe tulikuwa tunauita mtaa hivyo. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipopita mjini kwetu, nyumba zote za pale ziliungua. Nani alichoma, hapo ndipo wazee walipokuwa wanagombana. Nilikuwa nawasikia kila jioni barazani, Bibi Skola na jirani yake Mama Zuhura, wanachambua mchicha. "Mjerumani alichoma maghala yake akiwa anakimbia, Mwingereza asikute hata punje, moto ukaruka." "Wapi! Ni Mwingereza, alidhani kuna askari wamejificha." "Wewe Mama Zuhura ulikuwepo?" "Na wewe ulikuwepo?" Wote hawakuwepo, hata mama zao walikuwa bado, lakini kila mmoja alikuwa na moto wake na hakubali uzimwe. Walichokubaliana ni kwamba watu walikimbilia milimani, wakakaa huko wanakula magimbi ya watu, na waliporudi hawakujenga kwingine. Walijenga palepale, juu ya misingi ileile. Ukipita mtaani ukiwa na macho unaona: mawe yote ya chini ya goti yalikuwa meusi, yaliyoungua, na kuanzia goti kwenda juu udongo mwekundu na chokaa. Nyumba zote zilionekana kama zimetembea kwenye tope jeusi zikasimama kupumzika.

Tena walikuwa na mila yao. Hakuna nyumba mpya iliyosimamishwa bila kuwekewa kitu kimoja kilichoungua cha nyumba ya zamani. Mwingine aliweka bawaba, mwingine jiwe la kusagia lililopasuka kwa joto. Ili nyumba ijue ilikotoka, ndivyo Bibi alivyosema. Ya kwake ilikuwa gogo la mvule juu ya mlango wa jikoni. Upande mmoja ulikuwa mkaa mtupu, ila mikono ya miaka yote ile ilikuwa imeusugua ukang'aa kama kiatu cha padri. Bibi yake Bibi Skola ndiye aliyelitoa kwenye jivu, akalibeba begani, na alipolipachika akachora msalaba mdogo kwa kisu. Kwa Waluguru nyumba inafuata mama, kwa hiyo gogo lilishuka kutoka kwa yule bibi kwenda kwa mama, kisha kwa Bibi Skola mwenyewe, na baada yake lilikuwa liende kwa Deo, mjukuu wake wa kwa binti, maana binti mwenyewe alishafariki.

Deo alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mpole, mikono mikubwa, anaongea kama anayelipia kila neno. Alikuwa anapakia mizigo sokoni na jioni anarudi kula na sisi. Chakula cha nyumba ile mpaka leo kinanirudia puani: ndizi mbichi za nazi, zimetiwa pilipili manga na mdalasini uliotoka Matombo jana yake, maana Bibi alikuwa anauza ndizi na viungo sokoni, mwili wake wote ukawa unanukia pilau. Tulikula jikoni, chini ya lile gogo, mimi na matusi yangu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mbeba mizigo ya watu. Umekuja kula tena? Kwenu michembe ya viazi imeisha?"

"Michembe ipo, nimekuja kukuangalia mguu. Nasikia Waluguru wote mna mguu mmoja mfupi kwa kutembea kwenye mteremko. Ukishuka mjini kwenye tambarare unazunguka palepale."

Alikuwa anacheka mpaka anashika gogo asianguke. Huo utani wa mguu nilimfanyia mwaka mzima, asubuhi na jioni. Anasimama, ananyoosha kanga, anapita mbele yangu anachechemea makusudi. "Tazama basi, mpagazi! Huu mfupi au huu?" Deo anatabasamu kwenye sahani.

Siku moja wakaja wanafunzi wa chuo, wanne, na madaftari, wanauliza nani anaweza kuwatembeza waone nyumba za kale. Vijana wa kijiweni wakaninyooshea kidole mimi, kwa sababu nilikuwa nakaa bure na mdomo. Nikawatembeza. Nikawaambia yote kama nilivyoyasikia jikoni: mawe meusi, magimbi ya milimani, akina mama waliopanga mstari kutoka mtoni kila mmoja na jiwe kichwani. Wakaandika mawili matatu. Mmoja akapiga mwayo mpaka nikaona jino lake la mwisho. Mwenzake akauliza, "Hakuna kitu kingine? Mjerumani hakuacha kitu?" Na sisi wa huku tunajua maana ya swali hilo. Hakuna kijiji kisichokuwa na mtu anayetafuta mali ya Mjerumani: sanduku, dhahabu, sijui rupia, limefukiwa, limewekewa alama kwenye jiwe au kwenye mti. Watu wamehama dini kwa ajili ya hilo sanduku. Nikamtazama yule kijana wa mwayo. Nikawapeleka jikoni kwa Bibi, Bibi yuko sokoni. Nikaonyesha ule msalaba kwenye gogo, nikashusha sauti. "Huu aliuchora afisa wa Kijerumani usiku wa moto. Hatua tatu kutoka hapa, kwenda chini. Familia inajua, ila imeapa."

Mwayo uliisha palepale. Kalamu zilikimbia kwenye daftari kama kuku wameona mwewe. Na mimi, nisiwadanganye, nilisikia utamu. Kusema kweli kulikuwa kumenipa mwayo, na uongo ukanipa macho manane yananitazama. Wakarudi na wenzao. Wakaja na wengine wa Dar. Kila safari dhahabu ilikuwa inaongezeka. Mwisho nilikuwa na masanduku saba na mzimu wa afisa aliyekuwa anapiga chafya. Bibi alisikia juu juu kwamba natembeza wageni, akafurahi. "Waambie vizuri habari za bibi yangu," akasema. Nikasema nawaambia.

Sikujua kwamba Deo alikuwa amesimama nyuma ya ukuta, siku ile ya kwanza kabisa.

Nilikuja kujua wiki kadhaa baadaye. Asubuhi moja Bibi yuko sokoni, nikaingia jikoni kutafuta kiberiti, nikakuta rundo la kuni limesogezwa, na kichwa cha Deo kinatoka ardhini kama muhogo. Alikuwa ameshafika kifuani. Mbao zilikuwa pembeni, za kufunikia, na juu ya mbao alikuwa anarudisha kuni, kwa hiyo Bibi alikuwa anapika kila jioni hatua mbili kutoka kwenye shimo na hajui. Udongo alikuwa anautoa kwa viroba na kufukia madimbwi ya mtaani. Wiki iliyopita tu mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemsimamisha kwenye mkutano, tukampigia makofi. Kijana mzalendo! Mimi ndiye niliyepiga makofi zaidi.

"Kalunde," akaniambia kutoka shimoni, "usimwambie Bibi. Nataka nimjengee nyumba ya tofali. Tutagawana na wewe."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kinu. Yeye akadhani nacheka kwa furaha, akacheka na yeye, na Deo kucheka ilikuwa kama kuona ng'ombe anapanda ngazi. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: Deo, nilitunga. Lakini nilikuwa nimezoea anitazame kama kelele ya redio, na siku ile alikuwa ananitazama kama mtu anayejua kitu. Nikasema moyoni, atachoka mwenyewe, akifika kwenye mwamba ataacha. Nikampa maji ya kunywa, nikachukua kiberiti, nikatoka.

Baada ya siku nyingine chache akaniita tena. Sasa alikuwa amechimba kwenda upande, chini ya ukuta wenyewe, chini ya mlango. "Njoo uone." Nikainama. Kwenye udongo mwekundu kulikuwa na mstari mweusi, umelala sawasawa kama krimu kwenye biskuti, unene wa vidole vitatu. Majivu. Majivu yenyewe ya vita, yamekaa pale chini tunapika juu yake. Deo akaingiza mkono, akatoa gunzi la hindi lililoungua lote, limebaki na umbo lake, mistari ya punje unaiona. Na kifungo cha shaba, au cha nini sijui, kimeyeyuka nusu. "Umeona? Kifungo cha afisa!" Aliniwekea lile gunzi mkononi. Lilikuwa jepesi kama si kitu. Nikawaza: mtu aliliweka hili motoni lichomeke kidogo ale, akasikia kelele, akakimbia. Ile habari yangu ya kweli, ya kupigiwa mwayo, ilikuwa imekaa kiganjani. Na bado sikusema. Nikamwambia, "Deo, huo ukuta utakuangukia." Akasema, "Mwamba wa chini mgumu." Nikamwambia tena, "Deo, acha." Akanitazama kwa huruma kabisa. "Unaogopa mzimu wa afisa?" Mzimu nilimtungia mimi. Nilitoka nikaenda kukaa barazani, na hiyo ndiyo siku ya kwanza maishani mwangu kuchoka bila kufanya kazi.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa hasira. Ilikuwa mchana, mvua ya siku ya tatu, Bibi hakwenda sokoni. Alikuwa jikoni anamenya magimbi, mimi mlangoni upande wa uani namchokoza, namwambia mvua hii ikiendelea mlima wote utashuka na mguu mfupi hautakuwa na kazi. Akainua kisu anitishe. Ndipo niliposikia sauti, si kubwa, kama mtu mnene anakaa kwenye kiti cha kamba. Ukuta uliinama kwa ndani taratibu, kwa adabu. Lile gogo likatoka mahali lilipokaa miaka yote ile, likashuka. Bibi hakupiga kelele. Alisema tu, "Ee mama." Deo alitokea sijui wapi, tukachimba kwa mikono, tope linaingia mdomoni, watu wakaja. Tulimtoa hai. Gogo lilikuwa limelala juu ya mguu wake wa kushoto, na pale ukuta ulipokuwa umesimama kulikuwa na shimo limejaa maji, mbao zinaelea, na kipini cha sururu cha Deo kimechomoza katikati.

Kikao cha ukoo kilikaa baada ya Bibi kutoka hospitali, kwenye sebule ya Mama Zuhura, maana ya kwetu ilikuwa wazi kwa mvua. Mzee Kasiani alishuka kutoka Matombo. Bibi alikaa kwenye kochi, mguu kwenye plasta, umenyooshwa juu ya kigoda. Chai ya tangawizi ilipitishwa, hakuna aliyekunywa. Mzee Kasiani akamuuliza Deo nani alimwambia kuna mali. Akamuuliza tena. Deo akatazama sakafu, akasema, "Nilisikia tu kwa watu." Hakunitazama hata mara moja, ili wengine wasifuate macho yake. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua niseme. Lakini nilipovuta pumzi tu, watu wote sebuleni wakageuka na nyuso zao zimeshajiandaa kucheka, kama watoto wanaosubiri pipi. Bibi Skola mwenyewe akanitazama kutoka kwenye kochi, macho yamechoka. Akasema, "Sema basi, mtani. Sema tusikie."

Nikasema, "Si niliwaambia Waluguru mna mguu mmoja mfupi?"

Sebule ilipasuka. Mzee Kasiani alimwaga chai. Mama Zuhura alijifunika kanga usoni. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta, yakatoka mengine, na mpaka leo sijui ni wapi kicheko kiliisha na kilio kikaanza. Mtu mmoja tu hakucheka. Aliinuka, akaomba ruhusa kwa wakubwa, akaenda kuchukua begi lake. Wazee walikuwa wameshakubaliana kwamba akae mbali na ukoo mpaka watakapomwita. Hawakumwita. Bibi akarudi Matombo na fimbo. Kiwanja kikauzwa, mimi nikahamia Kihonda, na huo ndio mwaka wenyewe.

Asubuhi ya mazishi nilipita Majivuni kabla ya kupanda gari. Nilikuwa na saa nzima ya kusubiri na miguu ikanipeleka yenyewe. Mtaa umejengwa upya kwa mara nyingine, safari hii bila vita. Vigae barazani, madirisha ya alumini, duka la vipuri, saluni yenye picha ya mwanamke aliyefurahi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mahali pa jikoni kwetu pamemwagwa zege, pikipiki zimepangwa. Nilitafuta mawe meusi. Nikayapata nyumba moja tu, ya pembeni, na yenyewe wameshaanza kuipaka plasta. Fundi alikuwa amefika nusu. Nikamuuliza, "Fundi, haya mawe yana nini?" Akasema, "Ni uchafu tu dada, utafunikwa." Nikataka kumwambia habari ya akina mama na mawe kichwani. Nikaona nitampigisha mwayo, ana kazi. Nikaondoka.

Matombo walikuwa wananisubiri kama bendi. Walinipa kanga ya Bibi, walinipa kilemba chake, walinipaka unga usoni. Jeneza lilikuwa sebuleni, katekista amesimama mlangoni na kitabu, ameshalijua zoezi, anasubiri mtani amalize. Na juu ya mlango wa jikoni, nyumba ile ndogo ya mlimani, nikaliona gogo. Bibi alilipandisha mpaka huku. Aliweka kitu cha nyumba iliyoanguka kwenye nyumba mpya, kama ilivyo mila. Chini ya gogo, amekaa kwenye kigoda, mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa. Wamemwita kwa msiba. Miaka kumi na tatu. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba anaumwa kifua, vumbi la mashimo. Amechimba Mikese, amechimba Kilosa, kila penye jiwe lenye alama yeye yupo. Hajaoa. Anasema akipata ndipo atarudi kwa bibi yake.

Wakanipa fimbo. Watoto wakaanza kupiga makofi. Walichokuwa wanakitaka ni mguu, wote walikuwa wanasubiri mguu. Nikaanza kuchechemea kuzunguka uwanja, mgongo umepinda, na sikuhitaji kuigiza sana. Watu wakaanguka kwa kicheko. "Ni yeye! Jamani, ni yeye mtupu!" Nilipofika mbele ya mlango wa jikoni nikasimama. Nikasema kwa sauti ya Bibi, "Mnajua huu mguu nani alinivunja?" Wakapiga kelele, "Nani?" Nikasema, "Mtani wangu. Alinivunja kwa mdomo. Hakukuwa na dhahabu wala afisa. Msalaba alichora bibi yangu. Mtani alitunga, mjukuu wangu akaamini, akachimba, na mtani akakaa kimya mpaka mtoto akafukuzwa." Halafu nikaongeza kwa sauti yangu mwenyewe, "Ni kweli. Nilitunga."

Walicheka kuliko mwanzo. Mzee Kasiani alishika ukuta. "Huyu Mnyamwezi atatuua!" Mtu akanivutia kuku, ndiyo haki yangu, njia ikaachiwa, jeneza likatoka. Niliachwa uwanjani na unga usoni na kuku kwapani.

Deo hakuwa ameinuka. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Rudia," akasema.

"Nini?"

"Ile ya mwisho. Toa unga kwanza."

Nikajifuta kwa kanga ya Bibi. Nikarudia, bila sauti ya mtu mwingine, yote, mpaka yule kijana wa mwayo. Deo alikuwa anatazama viganja vyake. Kule bondeni wimbo wa kaburini ulikuwa umeanza.

"Siku ile ya gunzi," akasema, "nilipokuwekea mkononi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha."

"Nikakuacha."

Akakohoa muda mrefu. "Sebuleni pale nilikuficha. Nilijua wewe umesikia mahali na wewe. Nilijua tumekosea upande tu." Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii nilikuwa natafuta upande."

"Nitukane, Deo. Nipige hata kofi."

"Wewe ni mtani wangu," akasema. "Nitakukasirikia kwa mila ipi?" Akainuka, akagusa lile gogo kidogo kama alivyokuwa anafanya Bibi, akashuka kwenda kuzika. Sikumfuata hapohapo. Nilimwachia kuku mama mmoja, nikaenda nyuma kabisa ya watu, nikatupia udongo wangu wa mwisho.

Tulilala palepale, waombolezaji wote kwenye mikeka. Kulipokucha nikatoka kunawa. Deo alikuwa uani, anapasua kuni za chai. Watu walikuwa karibu, wanatusikia, na mmoja alishaanza kutabasamu, maana asubuhi watani wakikutana ni lazima kitoke kitu. Nilijua zamu ilikuwa yake. Nilitega shavu: niambie mla michembe, niambie mpagazi, uliza kama sijafa tu, chochote.

Aliweka shoka chini. Akanyoosha shati.

"Habari za asubuhi, dada Kalunde," akasema. "Umeamkaje?"

Yule aliyekuwa anatabasamu aliacha. Hakuna aliyewahi kusikia Mluguru akimsalimia Mnyamwezi hivyo, kwa adabu, kama mtu wa kawaida ambaye unaweza kumkasirikia.

"Nimeamka salama, kaka Deo," nikajibu. "Na wewe?"